Kazi haiulizi kabila wala jinsia

Kila asubuhi bamama wetu wanaosha mawe ya shaba na kobalti mpaka migongo inawauma. Lakini kushuka shimoni, hapana. Kwa wachimbaji wengi, mwanamke akikaribia shimo, madini yanakimbia. Tuulizane wazi: jiwe linajuaje nani ni mwanamke? Imani hii inamwachia tu mama kazi ya malipo madogo.

Ugonjwa wa pili ni kabila. Wazee wa Kolwezi wanakumbuka mwaka 1993: watu wa asili ya Kasai walifukuzwa kazini na nyumbani, wakapanda treni kwenda kule wengi wao hawakuzaliwa. Je, Gécamines ilipona? Hapana, ilizidi kuanguka.

Katiba ya 2006, kifungu cha 36, inasema hakuna mtu wa kuonewa kazini kwa ajili ya asili yake wala jinsia yake. Sheria ya tarehe 1 Agosti 2015 inaongeza usawa wa wanawake na wanaume. Na jimbo letu la Lualaba limeongozwa na mama, Fifi Masuka. Mama aweze jimbo, ashindwe kamyo?

Sisi tunaomba hivi: kampuni kubwa, na zile zinazofanya kazi chini yao, zitangaze nafasi mbele ya watu wote, zipime ujuzi, si jina la ukoo. Na sisi bababa, binti akitaka kusomea umekanika, tusimzuie. Mshahara wake pia unaleta bukari mezani.