Kardinali juu ya theluji: furaha ya mwili si adui wa sala



Katika vikundi vyetu vya parokia swali moja hurudi kila mwaka: je, kijana anayetaka kumtumikia Mungu kwa moyo wote anapaswa kuacha mpira, mbio na michezo mingine aliyoipenda tangu utoto? Wapo wazazi wanaojibu ndiyo bila kusita. Wapo na viongozi wanaoona kwamba saa moja ya uwanjani ni saa moja iliyoibwa kanisani. Sisi tunashika msimamo mwingine. Ili kuueleza, tunaomba kuwapeleka mbali, hadi kwenye milima ya Polandi, katika mchezo ambao karibu hakuna miongoni mwetu aliyewahi kuucheza: mchezo wa kuteleza juu ya theluji, uitwao skii.

Theluji si ngeni kabisa katika nchi yetu. Ndugu zetu wa upande wa Beni, siku mawingu yanapofunguka, huweza kuiona ikimeta juu ya Ruwenzori, ambako kilele cha Margherita kinafikia mita 5109. Lakini kwetu theluji ni kitu cha kutazamwa kwa mbali. Katika milima ya Tatra, kusini mwa Polandi, theluji hufunika miteremko na mabonde kwa miezi mingi, na wenyeji wamejifunza kuishi nayo na hata kuifurahia. Mchezaji hufunga miguuni mbao mbili ndefu na nyembamba, zenye ncha zilizopinda kwenda juu. Hushika fimbo mbili mikononi, kisha hushuka mteremko. Anayetazama kwa mara ya kwanza hudhani kwamba mtu yule anaanguka tu. Kumbe ustadi wote ni kuuongoza mwanguko huo: kuhamisha uzito kutoka mguu huu hadi ule, kukunja magoti, kuzigeuza mbao ili makali yake yashike theluji. Anayeogopa na kuegemea nyuma hupoteza uongozi wa mbao zake. Anayekubali kuinama mbele, kuuelekea mteremko wenyewe, ndiye anayezitawala. Ustadi huo haupatikani kwa siku moja. Hupatikana kwa kuanguka mara nyingi na kuinuka mara nyingi.

Mmoja wa walioupenda mchezo huo maisha yake yote ni Karol Wojtyła, aliyezaliwa Wadowice tarehe 18 Mei 1920, yule ambaye sisi tunamfahamu kwa jina la Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili. Tusidhani kwamba aliupenda kwa kuwa maisha yake yalikuwa mepesi. Mama yake alifariki mwaka 1929, kaka yake mwaka 1932, na baba yake mwaka 1941, wakati nchi ilikuwa mikononi mwa jeshi la Ujerumani na yeye mwenyewe alikuwa kibarua katika machimbo ya mawe. Kijana huyo, aliyebaki peke yake akiwa na miaka 20, alikuwa na kila sababu ya kuwa mtu wa huzuni. Hakuwa hivyo.

Alipata upadri mwaka 1946, uaskofu mwaka 1958, na ukardinali mwaka 1967. Kila ngazi ilimwongezea kazi, lakini hakuna iliyomfanya azitupe mbao zake. Inasimuliwa kwamba aliulizwa kama inafaa kardinali kuonekana akiteleza juu ya theluji, naye akajibu kwa mzaha kwamba lisilofaa ni kardinali kuteleza vibaya. Tucheke, lakini tusikie na fundisho lililomo: kitu kinachostahili kupendwa kinastahili pia kufanywa vizuri.

Kuna jambo kubwa zaidi. Katika miaka hiyo utawala wa kikomunisti haukuwaruhusu mapadri kuongoza vikundi vya vijana nje ya kanisa. Padri Wojtyła alifanya nini? Alivaa nguo za kawaida na kwenda na vijana wa chuo kikuu milimani, misituni na mitoni. Ili wapita njia wasimtambue, vijana walimwita «Wujek», maana yake mjomba. Wakati wa kiangazi walisafiri kwa mitumbwi midogo, na Misa iliadhimishwa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, makasia mawili yakifungwa pamoja kuwa msalaba. Wakati wa baridi walikwenda na skii. Mchana walitembea na kuzungumza, jioni waliimba. Mahali ambapo mlango wa ukumbi ulifungwa, mchezo ulifungua mlango mwingine. Sisi twauliza: anayesema kwamba michezo huwaondoa vijana katika Kanisa, atawaweka wapi vijana hao?

Alipochaguliwa kuwa Papa tarehe 16 Oktoba 1978, wengi walidhani kwamba safari za theluji zimekwisha. Tarehe 13 Mei 1981 alipigwa risasi katika uwanja wa Mtakatifu Petro na kuponea chupuchupu. Lakini mwezi wa saba mwaka 1984, akiwa na miaka 64, alipanda hadi kwenye barafu ya Adamello, kaskazini mwa Italia, akavaa skii mbele ya rafiki yake Sandro Pertini, Rais wa Italia, mzee wa miaka 87. Miezi kumi na mitatu baadaye, tarehe 15 Agosti 1985, Papa huyohuyo alisimama Kinshasa na kumtangaza Anuarite Nengapeta kuwa Mwenyeheri. Hatusemi kwamba mambo hayo mawili yana uzito mmoja. Tunasema kwamba aliyafanya mtu mmoja, na kwamba furaha ya lile la kwanza haikupunguza heshima ya lile la pili.

Tunajua kwamba yapo mapingamizi, na tunayaheshimu. La kwanza ni hili: skii ni mchezo wa wenye mali. Ni kweli kwamba mbao na viatu vyake vina bei kubwa. Lakini hatuwaombi mpende theluji. Tunawaomba mpende vema kile mlicho nacho: mpira wa miguu katika uwanja wa vumbi, kuogelea ziwani penye usalama, kupanda mlima ulio nyuma ya kijiji, ngoma za mababu zetu. Furaha haipimwi kwa bei ya vifaa.

La pili ni zito zaidi: wapo vijana ambao mchezo umewameza. Siku ya Bwana wako uwanjani tangu asubuhi, na wakishindwa hutukana na kupigana. Hapo wazazi wana haki ya kulalamika. Lakini dawa ya mapenzi yasiyo na mpango ni kuyapanga, wala si kuyaua. Wujek hakuwaambia vijana wake wachague kati ya mtumbwi na Misa. Aliadhimisha Misa juu ya mtumbwi. Kila kitu kilipewa saa yake.

Tena tutazame mwisho wa maisha yake. Mwaka 1994 alivunjika mfupa wa paja. Ugonjwa wa Parkinson ukamwondolea nguvu kidogokidogo. Mteremko haukuwezekana tena. Hata hivyo, katika mwezi wa saba mwaka 2004, miezi michache kabla ya kifo chake, alikwenda tena kupumzika Les Combes, katika milima ya Valle d'Aosta. Miguu ilikuwa imekataa, lakini macho yalikuwa bado yanapenda. Hapo ndipo tunapotambua mapenzi ya kweli: yanabaki hata pale ambapo hayatupi tena ushindi wala sifa.

Basi, vijana wapendwa, wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Kila mmoja achague sasa mchezo mmoja, aujifunze vizuri, chini ya mtu anayeujua, na aushike hata atakapokuwa baba au mama wa familia. Wasichana wasiachwe kando kushika nguo za wachezaji. Nao wana miili iliyoumbwa kwa furaha. Viongozi wa vikundi waweke saa ya mchezo katika programu ya mwaka, kama wanavyoweka saa ya mafundisho, nao wenyewe washuke uwanjani. Na ninyi wazazi, mnapomwona mwanenu akirudi jioni na jasho na vumbi, akicheka, msimwulize kwanza amepoteza muda gani. Mwulizeni alikuwa na nani, na alicheza vipi.