Mfanyakazi Apimwe kwa Kazi

Dumila, penye njia panda ya barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma na ile iendayo Kilosa, ni shule ya biashara. Mabasi na malori hupita hapo usiku na mchana. Nyanya, vitunguu, mahindi na mchele huuzwa kando ya njia. Na watoto wengi hujua kurudisha chenji kabla hawajamaliza darasa la saba. Si ajabu basi kwamba vijana wa hapo, kama wenzao wa Kilosa na Turiani, hutazamia kupata kazi katika yale maduka makubwa ya kujihudumia yaitwayo supamaketi, katika miji ya Morogoro, Dodoma na Dar es Salaam. Kijana aliyepanga matenga ya nyanya tangu utotoni hana haja ya kufundishwa kwamba nyanya laini haiwekwi chini.

Leo twapenda kuzungumza na wanachama na wafanyakazi juu ya kizuizi kimoja kinachoweza kuwekwa mlangoni mbele ya vijana hao. Nacho ni karatasi ya maswali ya tabia. Katika karatasi hiyo mwombaji haulizwi anajua nini, wala amefanya kazi gani. Huulizwa yeye ni mtu wa namna gani. Je, hukasirika upesi? Je, hupenda kukaa na watu au kukaa peke yake? Je, huona kwamba watu wengi si wa kuaminika? Je, amewahi kuwa na huzuni bila sababu? Hutia alama kati ya “nakubali kabisa” na “nakataa kabisa”; kisha mashine hujumlisha, na mtu huwekwa katika fungu la wanaofaa au fungu la wasiofaa. Utaratibu huu umeota mizizi katika maduka ya Marekani, na leo wapo mawakala wa ajira katika Nairobi na Dar es Salaam wanaomwuzia vipimo vya tabia mwajiri yeyote anayevitaka. Twasema mapema, kwa sababu maji yakimwagika hayazoleki.

Hatukatai kwamba mwenye duka ana haki ya kumjua mtu anayemkabidhi mali. Keshia asiyejua hesabu, mtunza stoo mdokozi, au mwuzaji anayewajibu wateja kwa jeuri, wote ni hasara, na hasara hiyo huwaangukia hata wafanyakazi wenzao. Kwa hiyo hatuulizi kama mwombaji apimwe au asipimwe. Twauliza apimwe kwa kitu gani.

Kosa la kwanza la karatasi hii ni kwamba haimkamati yule inayemtafuta. Mdokozi hodari akiulizwa kama amewahi kuchukua kisicho chake, atajibu hapana bila kupepesa jicho. Mtu mwenye dhamiri atakumbuka embe la jirani alilolichuma akiwa na umri wa miaka minane, naye ataandika ndiyo. Farisayo na mtoza ushuru wakiijaza karatasi hii, atakayeajiriwa ni Farisayo. Wamarekani wenyewe waliliona jambo hili zamani. Mwaka 1956 mwandishi William H. Whyte alitoa kitabu kiitwacho The Organization Man, na mwishoni mwake akaweka sehemu nzima ya kuwafundisha watu namna ya kudanganya katika vipimo vya tabia. Shauri lake, kwa ufupi, lilikuwa kwamba mtu ajibu kana kwamba hana tofauti yoyote na watu wengine. Kipimo ambacho hushindwa na mtu aliyesoma kurasa chache, nacho humwangusha mkweli, chaweza kuitwaje kipimo?

Kosa la pili ni kwamba maswali haya hayakutungwa kwa ajili ya kuuza sukari na sabuni. Orodha ya kwanza ya namna hii ilianza kutungwa mwaka 1917 na mtaalamu Robert Woodworth, kwa ajili ya jeshi la Marekani, ili kuwatambua askari ambao akili zao zisingestahimili vita. Baada ya vita maswali yalihamia viwandani na maofisini. Mwaka 1988 nchi hiyo ilitunga sheria ya kuwakataza waajiri wengi wa watu binafsi kutumia mashine ya kupimia uongo; basi wauzaji wa karatasi za uaminifu wakapata soko kubwa zaidi. Mlango ulipofungwa, dirisha likafunguliwa.

Matokeo yake yameandikwa katika kumbukumbu za mahakama. Mwaka 1989 mtu aliyeomba kazi ya ulinzi katika maduka ya Target, jimbo la California, alishitaki kwa kuwa aliulizwa habari za imani yake ya dini na mambo ya chumbani. Mwaka 1991 mahakama ya rufaa ya jimbo hilo iliona kwamba maswali hayo yaliingilia faragha ya mtu bila kuonyesha uhusiano na kazi. Na mwaka 1993 kampuni ilimaliza kesi kwa kukubali kulipa zaidi ya dola milioni 1. Mwaka 2015 kampuni hiyo hiyo ilikubali kulipa dola milioni 2.8, baada ya tume ya serikali inayosimamia usawa kazini kuona kwamba vipimo vyake vya kuajiri viliwafungia mlango maelfu ya watu kwa njia isiyo ya haki.

Mwaka 2012, katika jimbo la Georgia, mwanafunzi mmoja wa chuo aliomba kazi ndogo katika supamaketi ya Kroger. Alikuwa na alama nzuri masomoni, lakini aliwahi kutibiwa maradhi ya akili. Hakuitwa hata kwa mahojiano. Rafiki yake aliyekuwa akifanya kazi hapo ndiye aliyemfahamisha kwamba majibu yake ya tabia yalikuwa yamewasha taa nyekundu. Kijana alitambua kwamba baadhi ya maswali yalifanana na yale aliyoulizwa hospitalini. Tazameni jambo hili! Mtu amekwenda kuomba kazi ya dukani, naye amepimwa kama mgonjwa bila kuambiwa, na kama si rafiki yake asingejua kamwe kilichomwangusha.

Sisi wa Afrika ya Mashariki yatupasa kuwa waangalifu zaidi ya hao, kwa maana tumekwisha kupimwa kwa vipimo vya wengine. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu cha daktari J. C. Carothers, aliyewahi kuisimamia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi. Ndani yake alimfananisha Mwafrika na Mzungu aliyepasuliwa ubongo wa mbele. Mwaka uliofuata Serikali ya kikoloni ya Kenya ilitoa kijitabu chake kingine, kilichoeleza vita vya Mau Mau kuwa ni ugonjwa wa nafsi, kana kwamba ardhi iliyonyang'anywa haikuwa sababu ya kutosha. Hayo yaliitwa elimu, tena elimu ya watu wenye vyeti. Kwa hiyo mtu akituletea karatasi na kusema kwamba inapima tabia kwa elimu, tunayo haki ya kuuliza: tabia ya nani, na kwa kipimo cha nani?

Kijana wa Kikaguru au wa Kiluguru amefundishwa kunyamaza mkubwa anaposema, na kutomkazia macho. Kwetu hiyo ni adabu. Mbele ya karatasi iliyotungwa ng'ambo, ambamo kujitokeza na kujisifu huhesabiwa kuwa uhodari, adabu hiyo hiyo yaweza kuhesabiwa kuwa uzito na uoga. Msichana atakayekubali kwamba “sipendi kusema mbele ya watu wengi” atapoteza alama, ingawa ndiye awezaye kukaa saa nane kwenye mashine ya fedha bila kukosea senti.

Wazee wa Kimamba na Kilosa hawajakisahau kipande cha mashamba ya mkonge. Kilikuwa karatasi ya siku 30, na kila siku ambayo mtu alimaliza kazi yake ilitiwa alama; asiyeimaliza hakutiwa. Kilikuwa kigumu, na wengi walidhulumiwa kwacho. Lakini angalau kipande kilihesabu kazi iliyofanyika. Karatasi hii mpya humhukumu mtu kwa kosa ambalo hajalitenda.

Tena twauliza: mbona ni mwombaji wa chini peke yake anayepimwa moyo? Katika miaka hii tumeona maduka makubwa yakianguka. Uchumi ya Kenya ilifunga maduka yake ya Tanzania mwaka 2015. Nakumatt, iliyonunua maduka ya Shoprite hapa nchini mwaka 2014, ilielemewa na madeni, na Januari 2020 wadai wake walipiga kura ifilisiwe. Wafanyakazi walipoteza kazi, na waliopeleka bidhaa walibaki wakidai fedha zao. Madeni hayo hayakukopwa na mpanga rafu, wala uamuzi wa kufungua matawi mapya haukutolewa na keshia. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulionya dhidi ya jeuri na ubadhirifu wa viongozi, na wafanyakazi wa viwandani waliutumia kuwahoji mameneja wao. Hekima yake haijapitwa: anayeshika mali nyingi ndiye apimwe kwanza.

Watakuwapo wenye kusema: karatasi ni afadhali kuliko undugu. Shauri hilo si la kudharauliwa. Nafasi ni chache na watu ni wengi. Juni 2014, Idara ya Uhamiaji ilipotafuta watu 70, zaidi ya watu 10,000 walifika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Katika msongamano kama huo mpwa wa meneja hupata njia, na kijana wa Dumila asiye na mjomba mjini hubaki nje. Lakini dawa ya upendeleo ni jaribio moja la kazi kwa wote, mbele ya macho ya wote. Mwombaji wa ukeshia apewe kapu la bidhaa na noti, atoe hesabu na chenji. Mwombaji wa stoo apewe shehena na hati yake, ahesabu na kueleza kilichopungua. Anayetaka kuhudumia wateja akutanishwe na mteja mkali. Hapo mpwa wa meneja na mtoto wa mkulima watasimama kwenye mizani moja. Kwa karatasi ya tabia upendeleo hauondoki. Hujificha tu ndani ya mashine, mahali ambapo hapana wa kuuona wala wa kuuliza.

Sheria nayo imekwisha kumpa mwajiri muda wa kumtazama mtu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu kipindi cha majaribio, na masharti yake juu ya kuachishwa kazi isivyo haki hayamhusu mfanyakazi aliye na chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo. Katika miezi 6 tabia ya mtu itaonekana bila swali hata moja juu ya huzuni yake. Sheria hiyo hiyo inakataza ubaguzi kwa sababu ya kabila, dini, jinsia, ulemavu na mengine mengi, nayo inamlinda mwombaji kazi kama inavyomlinda aliyekwisha kuajiriwa. Hali kadhalika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinatumiwaje, na haki juu ya maamuzi yanayotolewa na mashine peke yake. Silaha zipo. Kinachotakiwa ni watu wa kuzishika.

Kwa hiyo twatoa shauri letu waziwazi. Kila swali katika fomu ya kuomba kazi lihusu kazi yenyewe, na mwajiri aweze kueleza uhusiano huo. Fomu iwe katika Kiswahili, lugha ambayo mwombaji ataitumia dukani kila siku. Maswali ya maradhi, imani na mambo ya nyumbani yaondolewe kabisa. Anayekataliwa aambiwe sababu, na majibu yake yasiuzwe wala kupelekwa kwa mwajiri mwingine. TUICO, chama cha wafanyakazi wa biashara, kiliweke jambo hili katika mazungumzo yake na waajiri, kisingoje mpaka liwe desturi. Nayo matawi ya Chama, katika Dumila na kwingineko, yawafundishe vijana kudai nakala ya walichokijaza, na kupeleka malalamiko mahali panapohusika wanapodhulumiwa.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Walijua kwamba shamba litamtambulisha mtu kabla ya maneno yake. Mwenye duka anayetaka mfanyakazi mwema amfungulie mlango, ampe kazi, amlipe ujira wa haki, naye amtazame. Na vijana wetu wasikubali kuona haya kwa ajili ya taa nyekundu iliyowashwa na mashine isiyowajua. Waulize ni nani aliyeiwasha, na kwa haki gani.