Viwanja vilipofungwa, vijana walibaki wapi?

Msomaji, wako watu wanaoamini kuwa michezo ya shule ni burudani tu ya kupumzisha akili baada ya masomo. Kama wewe ni mmoja wao, tazama yaliyowapata wanafunzi wa Homa Bay na Migori wakati wa korona.

Machi 13, 2020 serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, na siku mbili baadaye Rais aliagiza shule zifungwe. Michezo ya muhula wa kwanza ilikatika. Chama cha michezo ya shule za sekondari, KSSSA, kinachoendeshwa na walimu na wakuu wa shule, kilibaki bila kazi, maana hakina wachezaji wengine ila wanafunzi. Shule zote zilifunguliwa Januari 2021, lakini mashindano hayakurudi nazo. Juni mwaka huohuo, kirusi cha aina ya Delta kilipoenea, kaunti 13 za magharibi na karibu na Ziwa Victoria, zikiwemo Homa Bay na Migori, ziliwekewa kafyu ya kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri.

Mashindano ya shule za Afrika Mashariki, yaliyofanyika Arusha mwaka 2019, hayakuchezwa tena hadi Septemba 2022, huko huko Arusha. Hebu piga hesabu. Mwanafunzi aliyekuwa kidato cha tatu korona ilipoingia alifanya mtihani wa KCSE Machi 2022. Mashindano hayo yaliporudi, yeye alikuwa ameshavua sare. Kwa shule kama Agoro Sare ya Oyugis, inayosifika nchi nzima kwa mpira wa vikapu, hicho ni kizazi kizima cha wachezaji.

Lakini makombe si hasara kubwa. Shirika la Afya Duniani linashauri kijana wa shule apate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku. Hata kabla ya korona, vijana wanne kati ya watano duniani hawakufikia kipimo hicho. Kwa mtoto wa shule, uwanja ndio mahali pa kutimizia dakika hizo, tena chini ya jicho la mwalimu.

Jicho hilo lina kazi kubwa katika kaunti hizi mbili. Migori ina machimbo ya dhahabu, Homa Bay ina fuo za uvuvi, na bodaboda ziko kila mahali. Kijana asiye na shughuli hakosi wa kumwita. Uchunguzi uliofanywa katika shule za sekondari za kutwa huko Siaya, jirani zao, ulionyesha kuwa wasichana waliokumbwa na kufungwa kwa shule walikuwa katika hatari maradufu ya kupata mimba kabla ya kumaliza masomo, na mara tatu ya kuacha shule. Takwimu za kitaifa za mwaka 2022 zilionyesha kuwa katika Homa Bay na Migori, wasichana 23 kati ya 100 wa umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kushika mimba. Kitaifa walikuwa 15. Sisemi mpira wa pete peke yake ungezuia hayo. Nasema msichana aliye uwanjani saa kumi jioni anajulikana alipo.

Kufunga shule Machi 2020 hakukuwa kosa, kwani ugonjwa ulikuwa mgeni na uliua. Kosa ni kwamba hapakuwa na njia ya kati: ama mashindano yote hadi taifa, ama hakuna mchezo kabisa. Baadaye ilijulikana wazi kuwa virusi hivyo huambukiza zaidi ndani ya vyumba kuliko mahali pa wazi. Mbio, kuruka na mazoezi ya darasa moja moja, bila watazamaji wala safari za mabasi, yangewezekana shule zilipofunguliwa.

Magonjwa ya mlipuko hayajaisha. Julai 2024 Kenya ilithibitisha mgonjwa wake wa kwanza wa mpox. KSSSA na wizara za Elimu na Afya zinapaswa kuandika mapema mpango wa hatua kwa hatua: mchezo gani usimame, upi uendelee, na kwa masharti yapi.

Nawe msomaji unayeishi Nairobi au Kisumu ukilipa karo ya mtoto au mpwa aliye shuleni huko nyumbani, usiwaachie wakubwa peke yao. Katika mkutano ujao wa wazazi, muulize mkuu wa shule: mtoto wangu asiye katika timu anafanya mazoezi saa ngapi? Na mlipuko mwingine ukija, atayafanyia wapi?