Usinunue Darubini

Kila picha ya nebula inapopita kwenye simu za Wakenya, maoni mawili hutangulia mengine yote. La kwanza: "Hiyo imeeditiwa." La pili: "Hiyo mashine ni pesa ngapi?" Wenye maoni haya hudhani wako pande mbili. Ukweli ni kwamba wanaamini kitu kimoja: kwamba picha ya anga la mbali hupigwa mara moja, kwa kubonyeza kitufe, na kama kitufe hakikutosha basi kuna pesa au kuna uongo. Imani hiyo ndiyo nataka kuivunja hapa, kwa sababu ndiyo inayowafanya vijana wa Nairobi, Kisumu na Mombasa walitazame anga kama wanavyotazama nyumba ya mtu Runda. Kwa mbali, kupitia geti.

Chukua Orion, kundi la nyota ambalo kati ya Desemba na Machi hupita karibu juu ya utosi wako ukiwa Kenya. Kusini kidogo ya zile nyota tatu zilizojipanga kuna doa la ukungu. Hilo ni wingu la gesi linalozaa nyota, umbali wa takriban miaka ya nuru 1,300. Kamera ya DSLR ya mtumba, lenzi ya milimita 50 na tripodi ya kawaida vinatosha kulinasa. Shida ni kwamba dunia inazunguka, na nyota zilizo juu ya ikweta kama hizi za Orion ndizo zinazokimbia kwa kasi zaidi ndani ya fremu. Acha shata wazi zaidi ya sekunde 4 hivi na nyota zinageuka kuwa mistari. Kwa hivyo unapiga sekunde 4. Kisha sekunde 4 nyingine. Unapiga mara 600, kila baada ya dakika kumi unairudisha Orion katikati, na ukimaliza una dakika 40 za nuru iliyokatwakatwa.

Kila kipande ukikitazama peke yake ni aibu tupu. Giza, chenga kama za televisheni ya zamani iliyopoteza stesheni, na vidoa vichache vyeupe. Sasa programu inazipanga fremu zote 600 nyota juu ya nyota, halafu inatafuta wastani. Nebula iko palepale katika kila fremu, chenga zinarukaruka. Wastani unaibakiza nebula na kuzimeza chenga. Kanuni yake ni kipeuo cha pili: fremu 100 hupunguza chenga mara 10, fremu 600 mara 24 hivi. Ukitaka kuzipunguza nusu tena, huhitaji fremu mara mbili, unahitaji mara nne, yaani 2,400. (Niliacha chuo mwaka wa tatu. Kwenye somo la takwimu tuliambiwa habari ya kipeuo cha pili cha n muhula mzima na hakuna mtu darasani aliyetuambia kinatumika wapi. Chenga ndizo zilizoniambia.)

Hakuna lenzi ya bei yoyote inayoikwepa kanuni hiyo. Lenzi kubwa inakufikisha haraka, basi. Msee mwenye kamera iliyochakaa na usiku nne za subira humshinda mwenye mtambo wa maana na dakika tano, na humshinda vibaya.

Sasa hao wa "imeeditiwa." Faili ghafi ya kamera yenye bit 14 ina viwango 16,384 vya mwangaza. Nebula hujificha chini kabisa, kwenye viwango vichache vya mwanzo, karibu na weusi. JPEG ina viwango 256 kwa kila rangi. Kamera ikikutengenezea JPEG, inakuwa tayari imeshaamua nini kibaki na nini kitupwe, na kinachotupwa kwanza ni hicho kilicho karibu na weusi. Kwa hivyo picha "isiyoguswa" unayoidai haijawahi kuwepo. Iliguswa na mhandisi fulani aliyekuwa akifikiria harusi na sherehe za kuzaliwa. Mimi nikiifungua faili ghafi na kuvuta vile viwango vya chini hadi vionekane, natoa kitu ambacho sensa ilikipokea.

"Lakini kwa macho haiko hivyo." Kweli kabisa. Macho ya binadamu gizani hayaoni rangi vizuri, na hayawezi kukusanya nuru kwa dakika 40. Hata ukipewa chombo kikupeleke karibu na hiyo nebula, haitang'aa zaidi. Itakuwa kubwa zaidi, lakini nuru inayoongezeka itatandazwa kwenye eneo lililoongezeka kwa kiasi kilekile. Ungechungulia dirishani na kuona ukungu wa kijivu umejaa kila upande. Tukikubali kwamba macho ndiyo hakimu, basi haidrojeni inayotoa nuru nyekundu ya nanomita 656 ni porojo. Manze, haidrojeni haijali macho yako.

Na sehemu kubwa ya kazi yenyewe ni kuondoa vitu. Unafunika lenzi na kifuniko chake na kupiga fremu za giza, muda uleule, ISO ileile, ili ujue joto la sensa linaweka uchafu gani, kisha unautoa. Unavalisha lenzi tisheti nyeupe, unaielekeza kwenye mbingu ya alfajiri na kupiga fremu zitakazoonyesha vumbi na giza la pembeni, kisha unalirekebisha hilo. Unatafuta ule mng'ao wa rangi ya chungwa unaopanda kutoka upande wa mji na kuutoa polepole. Programu ya bure inayoitwa GraXpert ni hodari kwa hilo. Rangi nazo hazichaguliwi kwa hisia. Siril, ambayo pia ni ya bure, inazitambua nyota zilizomo kwenye picha yako, inalinganisha rangi zake na vipimo vya chombo cha Ulaya kiitwacho Gaia, halafu inasawazisha picha nzima. Mpiga picha wa harusi akinyoosha ngozi ya bi harusi hafanyi hata robo ya uaminifu huo, na hakuna anayemwita mwongo.

Hubble? Ile picha maarufu ya nguzo za gesi ya mwaka 1995 ina haidrojeni ya kijani, salfa nyekundu na oksijeni ya buluu. Haidrojeni na salfa zote hutoa nuru nyekundu. Zingeachwa hivyo usingezitofautisha. NASA walisema wazi kwamba rangi zile ni alama. Ni ramani. Hujawahi kusikia mtu akilalamika kwamba barabara za Nairobi si za njano kama zinavyochorwa kwenye ramani.

Uongo upo, na tuuseme ulipo. Mwaka 2023 mtumiaji mmoja wa Reddit alichukua picha ya mwezi, akaipunguza ubora hadi maelezo yake yakafutika, akaiweka kwenye skrini, kisha akaipiga kwa simu ya Samsung kutoka mbali. Simu ikamrudishia mwezi wenye mashimo ambayo hayakuwemo kwenye ile skrini. Huo ndio mpaka wangu. Kila kitu ninachokuonyesha lazima kiwe na nuru iliyoingia kwenye lenzi yangu usiku ule. Nikiongeza mwangaza, sawa. Nikitoa chenga, sawa. Programu ikiniwekea nyuzi za gesi kwa sababu imeona nebula nyingine elfu moja zenye nyuzi kama hizo, hapo nimeanza kuchora. Na kuna wenzetu wanaochora, hata bila akili bandia: Orion yenye rangi kama keki ya harusi, nyota zenye miduara myeusi kama macho yaliyokesha. Wakiambiwa imeeditiwa, hapo siwezi kuwatetea.

Turudi kwenye pesa. Ushauri wote wa vifaa unaokutana nao umeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, kwa ajili ya anga la Ulaya na Marekani. Jambo la kwanza utaambiwa ni kununua stendi inayozunguka kufuata nyota, na kuielekeza kwenye Polaris. Ukiwa Nairobi, Polaris iko ardhini, au kwenye ukungu wa upeo wa macho, ambayo ni sawa na ardhini. Ncha ya kusini nayo iko kama digrii moja tu juu ya upeo, nyuma ya vumbi, miti na ukuta wa jirani. Kile kidarubini kidogo cha kulengea ncha ulichokilipia ni pambo. Stendi nyingine hazishuki hadi latitudo ya digrii 1. Uzito wake unagonga mguu wa tripodi. Zipo njia za kuilenga stendi kwa kupiga picha za nyota zozote na kuiachia kompyuta ifanye hesabu, na njia hizo zinafanya kazi hapa vizuri. Lakini anayekuuzia hatakuambia, kwa sababu hajawahi kusimama Nanyuki usiku.

Kitu ambacho hatakuambia pia ni kwamba sisi ndio tuliobahatika. Hapa ikweta, kwa mwaka mmoja, karibu anga lote hupita mbele yako. Andromeda ya kaskazini na Mawingu ya Magellan ya kusini. Nebula ya Carina. Omega Centauri, kundi la mamilioni ya nyota, ambalo mtu wa London hawezi kuliona kamwe akiwa kwao. Kitovu cha Njia ya Maziwa, ambacho kule kwao hujikokota pembeni mwa anga, hapa hupanda zaidi ya digrii 60. Kilimia, ambacho mababu walikiangalia ndipo wakajua ni wakati wa kulima, kinatoshea vizuri kwenye ile lenzi yako ya milimita 50.

Darubini sasa. Binamu yangu aliuziwa moja mjini, ya lenzi ya milimita 60, na kwenye sanduku imeandikwa kwa herufi kubwa "mara 525." Kipimo cha kawaida ni mara mbili kwa kila milimita ya upana wa lenzi, kwa hivyo kikomo chake ni mara 120 hivi, tena usiku ukiwa mtulivu. Zaidi ya hapo unakuza ukungu. Miguu yake inatetemeka ukipumua. Aliuona mwezi mara tatu, ikarudi sandukuni. Biashara hiyo ndiyo imeua hamu ya watu wengi kuliko taa za mji, na inaendelea kila Desemba.

Ukiniuliza doo ikae wapi, nitakujibu: diski. Hakuna anayelisema hili kwa sababu diski haina urembo. Fremu 600 ghafi za kamera ya megapikseli 18 ni kama gigabaiti 15, na programu ikizifungua zinafura hadi zaidi ya 60. Laptopu ya kawaida inakufa. Rundika mia mia, pata picha sita, kisha uzirundike hizo sita; jibu linakaribiana sana na lile la kuzirundika zote pamoja. Anza asubuhi, si usiku, ndio stima ikipotea usiwe umelala. Baada ya diski, nauli ya kutoka nje ya mji, barabara ya Magadi au popote unapoweza kuona Njia ya Maziwa bila kukodoa macho. Nendeni mbogi nzima, si mtu mmoja. Lenzi ni ya tatu. Darubini haimo kwenye orodha ya mwaka wa kwanza.

Kuna zile darubini ndogo za kisasa zinazojilenga zenyewe, zinajirundikia fremu zenyewe na kukutumia picha kwenye simu. Shule ikinunua moja, wanafunzi 40 wataona galaksi kwa usiku mmoja, na hilo ni jambo kubwa sana. Kwa mtu binafsi anayetaka kujua mambo, ni kama kununua chapati na kusema umejifunza kupika.

Na hata hiyo kamera si lazima. NASA huweka hadharani picha ghafi za JunoCam, kamera iliyo kwenye chombo kilichofika kwenye sayari ya Jupita Julai 2016, ili watu wa kawaida wazichakate. Picha nyingi nzuri za mawingu ya Jupita ulizowahi kuziona zilitengenezwa na wapenzi wa nyumbani, wenye kompyuta tu. Data ya Hubble na ya Webb iko wazi kwenye hifadhi iitwayo MAST, bila malipo. Hiyo ni nuru iliyokusanywa na kioo cha mita 6.5, na unaweza kuipakua ukiwa Githurai kwa bando la usiku.

Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya kwanza ya kuchunguza anga kwa eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Waliipa jina Uhuru, kwa sababu ilikuwa sikukuu yetu. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo ya eksirei, alipata Nobel mwaka 2002. Roketi ilikuwa ya Marekani, warushaji Waitaliano, data ikaenda kwao. Sisi tulitoa ikweta na jina. Siwalaumu wazee wa 1970, hawakuwa na namna ya kuomba faili. Wewe unayo. Ingia MAST, tafuta M16, chagua faili za Webb zilizopigwa kwa NIRCam, pakua filta tatu tu kwa kuanzia kwa sababu ni nzito, zifungue kwenye Siril. Zitaonekana nyeusi tii. Vuta viwango vya chini.