Nyuki, Ruhuka na Uzazi wa Ndugu

Wanafunzi wetu hukaririshwa kwamba uzazi baina ya ndugu hudhoofisha kizazi, na kwamba damu ngeni hukiimarisha. Kauli hiyo ina ukweli, lakini ikifundishwa kama amri isiyo na masharti hupotosha. Mwalimu aliye Ibaba, wilayani Ileje, hahitaji maabara ili kulithibitisha jambo hili: mizinga ya nyuki na mashamba ya kahawa ya mkoa wake wa Songwe yanamtosha.

Tuanze na nyuki. Malkia kijana huruka na kupandwa angani na madume 10 hadi 20, wengi wao wakiwa wa mizinga mingine. Yai lisilorutubishwa huwa dume. Yai lililorutubishwa huwa jike, ila kwa sharti kwamba jeni ya jinsia itokayo kwa mama na ile ya baba ziwe za namna mbili tofauti. Zikiwa za namna moja, hutokea dume asiyefaa, ambaye vibarua humla mara aanguliwapo. Basi malkia akipandwa na kaka yake peke yake, nusu ya mayai yake yaliyorutubishwa yaweza kupotea, iwapo jeni ya jinsia ya kaka huyo inafanana na mojawapo ya zile za malkia, na kundi hupungukiwa na vibarua.

Ruhuka, yule mbawakawa mweusi mwenye ukubwa wa punje ya ulezi, huishi kinyume kabisa. Jike hutoboa tunda la kahawa na kutaga humo. Watoto wake hupandana wao kwa wao kabla majike hayajatoka. Dume hawezi kuruka, na maisha yake huishia ndani ya tunda. Hata hivyo ruhuka ameenea karibu katika nchi zote zilimazo kahawa. Uzazi wa ndugu hufichua jeni zenye madhara, na wenye nazo hufa; ukiendelea kwa vizazi vingi sana, wanaosalia huwa wamekwisha kuchujwa. Lakini vivyo hivyo jeni ya kustahimili sumu huenea upesi. Katika kisiwa cha New Caledonia, miaka ya 1980, dawa ya endosulfani ilishindwa kumwua.

Damu ngeni nayo si heri tupu. Mwaka 1956 Warwick Kerr alipeleka Brazil malkia wa nyuki kutoka Afrika, baadhi yao wa Tanganyika. Mwaka 1957 makundi 26 yalitoroka, yakachanganyika na nyuki wa asili ya Ulaya. Uzao wao ulistawi katika joto, lakini ukali wake uliua watu. Na kufikia mwaka 1990 ulikuwa umeingia Marekani.

Kwa hiyo nashauri kwamba swali la darasani lisiwe, "Je, uzazi wa ndugu ni mbaya?" bali, "Ni mbaya kwa mdudu yupi, na kwa nini?" Mwanafunzi aliyelielewa jibu atamweleza mzazi wake kwamba mizinga ya jirani ni hazina ya mizinga yake mwenyewe, na kwamba tunda moja la kahawa lililosahauliwa baada ya mavuno laweza kuzaa ukoo mzima wa ruhuka. Elimu ya namna hiyo haiishii kwenye karatasi ya mtihani.