Ulimi mweupe, posa mashakani

Mwezi huu tuongelee kiungo tunachokitumia kutwa nzima, kwa maneno matamu na machungu, ila hatuna habari nacho hata tukisimama mbele ya kioo. Ulimi.

Nimelileta hili kwa sababu ya ujumbe wa dada mmoja msomaji wetu. Mchumba wake, ambaye barua ya posa imeshafika nyumbani kwa kina dada, ana ulimi mweupe “kama kapakwa uji”. Shoga zake wamemwambia bila kuficha: huyo tayari anao, achana naye. Sasa dada wa watu hapokei simu, na mwenzie hajui kakosa nini. Kasheshe kweli kweli.

Tuanze na ulimi wenyewe. Juu yake kuna vinundu vidogo vidogo vingi sana, vingine vyembamba kama nywele. Katikati yake hunasa mabaki ya chakula, seli zilizokufa na bakteria. Kazi ya kuvisafisha ni ya mate. Ukilala mdomo wazi, ukishinda bila maji, ukipata homa, ukivuta sigara au ukitafuna mirungi, mate hupungua na utando hujijenga. Kwa hiyo utando mwembamba mweupe, hasa asubuhi, ni jambo la kawaida tu. Ila bakteria hao, hasa wale wa nyuma kabisa ya ulimi, hutoa gesi zenye salfa, na hapo ndipo inapotoka sehemu kubwa ya ile harufu inayomfanya mtu ageuze shavu badala ya midomo. Pipi ya mnanaa inaifunika kwa dakika chache, haiiondoi.

Utando wa fangasi ni kitu kingine. Huu huwa mzito, kama maziwa yaliyoganda, na haukai kwenye ulimi peke yake, unaweza kuuona ndani ya mashavu na juu kwenye kaakaa. Ukiufuta kwa kitambaa unatoka, na chini yake panabaki pekundu, pengine na damu kidogo. Mdomo unawaka, chakula kinapoteza ladha. Fangasi mwenyewe anaitwa kandida, na watu wengi wazima wa afya wanaishi naye mdomoni bila shida. Anapata nguvu pale bakteria wanaomdhibiti wanapouawa na antibayotiki, au kinga ya mwili inaposhuka. Wenye kisukari ambacho hakijadhibitiwa wanaupata, wenye meno ya bandia wanaupata, vichanga ndio usiseme.

Na VVU je? Ndiyo, ni sababu mojawapo, sitakudanganya. Fangasi wa mdomoni wasioisha kwa mtu mzima ni moja ya dalili ambazo Shirika la Afya Duniani linazitumia kupanga hatua za ugonjwa kwa watu wanaoishi na virusi. Lakini hakuna aliyewahi kupimwa kwa kutazamwa ulimi! Kuna wenye virusi wenye ulimi safi kuliko wa kwako, na kuna wenye fangasi wasio na virusi kabisa. Kinachojibu swali hilo ni kipimo, na Tanzania ilibadilisha sheria mwaka 2019 hata mtu akaruhusiwa kujipima mwenyewe. Dada, nendeni wote wawili. Posa au bila posa mlipaswa kwenda.

Halafu kuna kitu dada amekiandika mwishoni kabisa, kama vile hakina uzito: jamaa ana pumu na anatumia inhela mbili. Hapo sasa! Ile inhela ya kuzuia shambulio, inayotumiwa kila siku, huwa na steroidi, na dawa inayobaki mdomoni inampa kandida nafasi. (Ile ya dharura, mara nyingi ya bluu, haina tatizo hilo.) Dawa asiiache hata kidogo, pumu haina mchezo. Anachotakiwa ni kusukutua kwa maji na kuyatema kila anapomaliza kuivuta. Fangasi waliokwisha kuingia wanatibika kwa dawa kama nistatini, ambayo daktari au mfamasia atamwelekeza. Akianza kupata maumivu anapomeza, asingoje, aende hospitali, maana wanaweza kuwa wameshuka kwenye umio.

Rangi nyingine nitazipitia haraka. Ulimi mweusi wenye manyoya hutisha kuliko ulivyo: vile vinundu vimerefuka na kushika rangi ya chai, kahawa au sigara, na husafishika. Madoa meusi uliyokuwa nayo tangu utotoni ni rangi yako tu, sisi Waafrika wengi tunayo. Mabaka mekundu yenye mipaka myeupe yanayohamahama kama ramani hayana madhara. Uliopauka sana au uliokuwa mwekundu na laini kama umepigwa msasa unaweza kuashiria upungufu wa madini ya chuma au vitamini B12, kwa hiyo pima damu. Na kama jana ulikula zambarau au ubuyu wa rangi, jamani, kunywa maji kwanza.

Baka la kuliogopa ni jeupe lisilofutika, au jekundu lisiloeleweka, au kidonda kisichopona kwa wiki mbili, hasa pembeni au chini ya ulimi. Haliumi, ndiyo maana watu wanalipuuza. Kwa wavuta sigara, watumiaji wa ugoro, kuberi au tambuu yenye tumbaku, tena wakichanganya na pombe, hapo ndipo saratani ya mdomo huanzia. Hili mwoneshe daktari wa meno. Usilisugue, usilipake asali, usimsikilize jirani.

Usafi wenyewe hauna gharama. Mswaki laini au kikwangulio, unavuta taratibu kutoka nyuma kuja mbele, mara moja au mbili kwa siku, kisha unasukutua. Ukikwangua hadi damu utajiumiza bure.

Swali la mwisho la dada lilikuwa: kama ni fangasi, nikimbusu si nitawapata? Kandida huenda unaye tayari, na mwenye kinga nzuri kwa kawaida haugui kwa busu. VVU navyo haviambukizwi kwa mate. Kwa hiyo pokea simu, mwulize kama huwa anasukutua baada ya inhela, na mpange siku ya kwenda kupima.