Mgeni Muscat kaona bahari, dada wa kazi je?



Msimu umeanza tena. Joto la Muscat likishuka tu, kuanzia Oktoba mpaka Machi hivi, simu zinaanza kulia: "Kaka, tunakuja wiki moja, utatutembeza wapi?" Karibuni sana. Leo nawajibu wote kwa mkupuo, halafu nitasema lililo moyoni. Najua wapo watakaonuna. Wanune tu.

Kwanza majibu. Wenyeji wengi wakipata mgeni wanamkimbiza kwenye maduka makubwa yenye kiyoyozi. Anapigwa picha kwenye ngazi za umeme, anakula kuku wa Kimarekani, anarudi kulala. Jamani! Mtu katoka Dar, kapanda ndege, mnamwonyesha kuku? Mimi nakaa Wadi Kabir, bonde la magereji na vipuri lililo jirani na Ruwi, mtaa ambao kwa miaka mingi ulijulikana kwa soko lake la Ijumaa la magari na vitu vilivyotumika. Watalii hawaanzii huku. Lakini ukiwa huku pwani yote ya zamani iko karibu, na sehemu kubwa ya uhondo wake ni bure.

Anza asubuhi na mapema na soko la samaki la Muttrah. Jengo jipya lilifunguliwa mwaka 2017, na walioichora ramani yake ni Snøhetta wa Norway, walewale wa maktaba ya Alexandria kule Misri. Ndani utamkuta jodari, nguru, kolekole na changu, na kelele za bei, utadhani uko Feri. Ukitoka hapo unatembea Kornishi, kama kilomita tatu kwa miguu, mkono mmoja bahari, mkono mwingine nyumba nyeupe za zamani na milima nyuma yake. Bandari unayoiona, ya Sultan Qaboos, iliacha shughuli za mizigo ya biashara mwaka 2014 zikahamishiwa Sohar, ndiyo maana siku hizi meli kubwa unazoziona hapo ni za watalii.

Sokoni Muttrah nenda jioni, hasa ukienda Ijumaa, maana asubuhi ya siku hiyo maduka mengi yamefungwa. Kuna ubani, udi, shali, na kofia za kushonwa ambazo sisi hatuhitaji kuelezwa ni nini. Ongea Kiswahili kwa sauti uone watu watakavyogeuka. Wapo waliokimbia Zanzibar baada ya mapinduzi ya 1964, wapo walioitikia wito baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970, na wapo watoto na wajukuu zao. Hutakosa wa kukuuliza, "Wewe wa wapi huko?"

Mbele zaidi, Muscat yenyewe ya kale, kuna ngome mbili, Mirani na Jalali, kazi ya Wareno miaka ya 1580. Ukishaiona Fort Jesus ya Mombasa utazitambua hata bila kuambiwa, maana ni Wareno haohao. Waomani waliwatoa hapa mwaka 1650, wakaenda kuwatoa Mombasa mwaka 1698. Halafu vuka mlima mpaka Al Bustan ukaione Sohar, jahazi la mbao lililoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari, kama mtepe wetu. Lilijengwa Sur, likasafiri kutoka hapa mpaka China mwaka 1980 na 1981. Limewekwa katikati ya mzunguko wa barabara, halina kiingilio. Jioni malizia kwa mishkaki. Ndiyo, hata hapa jina lake ni hilohilo, wao wanasema mishkak.

Haya, hiyo ndiyo ziara. Sasa lililo moyoni.

Kwenye nyumba utakayofikia, mgeni wangu, kuna uwezekano mkubwa utamkuta dada wa kazi. Katoka Tanga, Singida, Mombasa au Kampala. Ndiye atakayekupokea begi, atakayekutandikia kitanda, atakayekupikia chapati za asubuhi. Wewe ndani ya siku saba utakuwa umeiona Kornishi mara tatu. Yeye je?

Nilizungumza na mmoja, tukiwa foleni ya duka la vyakula huku Wadi Kabir. Kasikia naongea Kiswahili kwenye simu, akanisalimia shikamoo. Ana mwaka wa pili hapa. Nikamuuliza Muttrah ameionaje. Akaniuliza, "Muttrah ndiyo wapi, kaka?" Jamani, Muttrah ni hapo nyuma ya mlima! Bahari ameiona kwa dirisha la gari, akiwa amempakata mtoto. Binti wa Tanga huyu, kazaliwa anasikia mawimbi.

Najua mtasema, "Mbona wetu tunatoka naye?" Mnatoka naye, ndiyo. Kabeba mtoto begani, mkoba wa maziwa mkononi, anakimbiza mwingine asianguke majini, na mkikaa kula yeye anakaa pembeni anamlisha mtoto. Huko siko kutembea. Ni kazi ileile, imehamia ufukweni.

"Amekuja kufanya kazi, hakuja kutalii." Hata wewe ulikuja kufanya kazi! Tangu Mei 2013 mapumziko ya wiki nchi hii ni Ijumaa na Jumamosi, na bosi wako akikugusia Jumamosi moja tu unalalamika mpaka kwenye simu za Dar. Kwa nini siku mbili ziwe haki yako, na siku moja iwe deko kwa mwenzako?

"Akitoka atatoroka." Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Mtu anayelipwa kwa wakati, paspoti yake anayo mwenyewe, anakula anachoshiba na kulala anapotosheka, atoroke aende wapi? Kama unaamini kabisa kwamba mlango ukiwa wazi saa tano tu hatarudi, basi tatizo usilitafute mlangoni.

"Ataharibiwa na marafiki." Huyo unayemwita mtoto ndiye anayesomesha wadogo zake na kumnunulia mama yake dawa. Ana akili ya kuvuka bahari peke yake, akose akili ya kuchagua wa kunywa naye chai?

Na msiniambie haya ni maneno ya mitaani. Novemba 2017 Human Rights Watch walitoa ripoti kuhusu wafanyakazi wa ndani wa Kitanzania Oman na Falme za Kiarabu. Walizungumza na wanawake 50. Karibu wote walisema waajiri walizishika paspoti zao, na kwamba walifanyishwa kazi saa nyingi, hata 21 kwa siku, bila mapumziko wala siku ya kupumzika. Siku ina saa 24, ndugu zangu. Hesabu zilizobaki fanyeni wenyewe.

Tukisikia hayo tunapenda kusema "Waarabu hao". Polepole. Nyumba ngapi za waongea Kiswahili, Waomani wenye asili ya Zanzibar na sisi wageni wa juzi, zina dada kutoka kwetu? Tunamwita dada kwa mdomo. Tunaongea naye lugha moja, tunacheka naye taarabu ikipigwa, halafu ikifika Ijumaa udada unaishia jikoni. Mgeni wa lugha nyingine angalau anaweza kudai hakumwelewa. Sisi tunasemaje?

Wala gharama si kisingizio. Basi la kutoka Ruwi mpaka Muttrah ni mamia machache ya baisa. Kutembea Kornishi bure. Kuliangalia jahazi la Sohar bure. Mishkaki na chai ya maziwa, ukimpa rial mbili atabaki na chenji. Uliyotumia kwa kuku wa Kimarekani wa mgeni mmoja ingemtosha dada Ijumaa yake.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili tu. Mwenyeji, Ijumaa hii mpe dada paspoti yake akae nayo, kadi yake ya ukaazi, simu yenye salio na rial mbili, mwonyeshe kituo cha basi, halafu ubaki nyumbani na watoto wako. Usimfuate. Mgeni, siku ya kwanza mkiwa mezani, kabla hujauliza kesho tunakwenda wapi, muulize mwenyeji wako mbele ya watu: "Dada anapumzika siku gani?" Ukijibiwa kwa kikohozi, basi zile chapati za asubuhi kapike mwenyewe.

Wenu wa Wadi Kabir. Ijumaa njema.